Jino Nililosema Haliumi

Bukavu, mkesha wa safari yako

Kwa Nsimire, binti yangu, mtahiniwa wa udaktari wa meno

Kuhusu: mtihani wako wa Kinshasa, na kinywa changu kilichouharibu ule wa kwanza

Mwanangu mpendwa,

Barua zote ulizoniona nikiwaandikia watu katika nyumba hii zilianza kwa kuinama. "Nina heshima kubwa ya kuja, kwa unyenyekevu wote, mbele ya mamlaka yako tukufu." Tangu ukiwa mdogo ulizisoma ukiwa umesimama nyuma ya bega langu, na ulipofika kwenye "tukufu" ulicheka. Hii sikuianza hivyo. Wewe si mamlaka, nami leo sina ombi.

Mama yako anafunga mizigo yako chumbani, na kwa jinsi ninavyomsikia amekwisha kukueleza habari za maji ya kuchemsha, joto la Kinshasa, na vijana wa Kinshasa. Sitayarudia. Mvua ya alasiri imesimama, meza yangu iko mlangoni penye mwanga, na nataka kuandika yale ambayo mama yako hayasemi kwa kunihurumia.

Nataka kuandika juu ya siku ile ya Muhumba. Tangu siku ile tumekula meza moja na kusali benchi moja, wala hatukuitaja isipokuwa kwa mzaha. Mzaha ni kitambaa kizuri, lakini usaha hauponi kwa kufunikwa. Hilo umenifundisha wewe. Utaniwia radhi nikieleza mambo ambayo uliyaona kwa macho yako. Mwandishi mwenye adabu huweka kwanza chanzo cha jambo, kisha hoja.

Chanzo ni hiki. Jury, lile baraza la watahini, ilitoka Kinshasa kuja Bukavu kuwapima wale waliojifunza kazi ya meno pasipo kupita chuo kikuu. Wewe ulijifunza kando ya Sista aliyetibu meno katika hospitali ya misheni, upande wa Katana. Sista aliporudi Ulaya, watu hawakuacha kupanga mstari mlangoni pake. Walikuita wewe "Sista mudogo" na kukufunulia vinywa vyao. Lakini sheria haijui majina ya utani. Asiyekuwa na ruhusa ya jury hawezi kutibu jino kwa jina lake mwenyewe, hata kama mikono yake inajua. Na jury ilikuwa na kanuni moja iliyotushangaza wote: kila mtahiniwa aje na mgonjwa wake mwenyewe. Ataje jino linaloumwa, aseme linaumwa nini, na asiliguse mpaka rais wa jury atakapokubali kwamba jino hilo ni gonjwa kweli.

Ulinichagua mimi. Jioni moja uliligonga gego langu la chini, upande wa kushoto, kwa mpini wa kijiko, nami niliruka hata kiti kikaanguka. Sijapata kumwona mtu akifurahia maumivu yangu namna ile. Ulipiga makofi. Ulisema shimo limejificha ubavuni, linapotazamana na jino la jirani, na kwamba usaha umekaa kwenye mzizi. Ukaniagiza: "Papa, usimeze dawa, usiguse kitu, na bakikuuliza, sema tu vile iko." Nikakuahidi.

Siku yenyewe nilivaa abacost yangu ya kijivu, ile suti ya sikukuu. Katika ile kliniki ya Muhumba walikaa madaktari watatu nyuma ya meza iliyofunikwa bendera, na juu yao picha ya Kiongozi. Mashine ya kupigia picha za meno ilikuwapo, lakini filamu hazikuwapo. Kwa hiyo neno la mgonjwa ndilo lililobaki kuwa ushahidi. Ulieleza ugonjwa wangu kwa Kifaransa kilichonyooka. Rais wa jury akainuka, mtu mzito mwenye miwani ya dhahabu, akalichunguza jino, akaligonga kwa mpini wa kioo chake kidogo. Moto ukapanda kutoka katika taya hadi sikioni. Akaniuliza kama ninaumia.

Nami, mwanangu, nilijibu kwamba kwa hisani ya jury tukufu sihisi maumivu yoyote.

Akagonga tena. Nikajibu tena, na safari hii niliongeza shukrani.

Nimelitafutia sababu jibu lile kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kutafuta maneno ya barua yoyote. Hofu ilikuwapo kidogo, lakini si yenyewe. Tangu ujana wangu, kila mkubwa aliyeniuliza hali yangu nilimjibu kwamba ni njema. Mzungu wa shamba la chai aliniuliza, nikasema njema. Karani wa zone, yaani wilaya yetu, aliniuliza, nikasema njema, na mgongo wangu umelowa kwa kusimama mvuani nje ya ofisi yake. Kwetu Mudaka mtoto hufunzwa mapema kwamba kumlalamikia mkubwa aliyekukaribisha ni kumtukana. Na zaidi ya hayo, nilidhani ninakusaidia! Nilidhani jino lisilouma ni sifa kwa daktari wake. Nilikaa juu ya kiti kile nikivumilia kwa ajili yako, nikijiona baba shujaa, na kadiri nilivyovumilia ndivyo nilivyokuzika.

Rais wa jury alivua glavu. Akawaambia wenzake kwamba jino ni zima na kwamba mtahiniwa amekuja kumng'oa baba yake jino zima. Wakacheka. Kisha akakushika kifundo cha mkono, akakiinua ili wote wakione, akasema: "Na kwa mkono huu, binti? Gego la mwanaume, kwa mkono huu?" Wakacheka tena. Hukulia. Ulikusanya vyombo vyako kimoja kimoja na kuvifunga katika kitambaa chake cheupe. Nilikuona, nami bado nilikuwa nimeketi na mdomo wazi kama mtu aliyesahauliwa na fundi.

Ulitangulia mbele yangu mpaka getini. Ndipo uliposema neno ambalo nimelibeba hadi leo: "Papa, balikuuliza kama inauma. Habakukuuliza kama uko mwanaume."

Nyumbani mama yako hakuwa na upole huo. "Weye muzee," aliniambia mbele ya majirani, "jana ulikuwa nalia kama mutoto, leo jino imepona juu ya nini? Juu ya lunettes ya zahabu ya ule docta?" Majirani walipata cha kuzungumza. Nilistahili.

Hapa nakuomba ukumbuke mjane wa Mudaka, yule mama mrefu aliyekuja kwangu wakati ungali shuleni. Mwenye shamba jirani alikuwa amesogeza ua wake hadi katikati ya maharagwe ya mjane. Nilimwandikia barua kwa Commissaire, mkuu wa zone, na kwa kweli ilikuwa barua nzuri, nilimwita "mama huyu duni, aliyeanguka miguuni pako, asiye na tegemeo lingine chini ya mbingu." Nikamsomea ili aweke alama ya kidole. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Papa, miguuni pa nani?" Nikamwambia pa Commissaire. "Mie sikuanguka," akasema. "Nilikuja na miguu yangu, toka Mudaka mpaka hapa. Andika kama shamba ni yangu." Nilimweleza kwamba huo ndio utaratibu, kwamba wakubwa hupenda hivyo. Hakuweka kidole. Alifunga kitenge chake vizuri, akaondoka, akaenda kusema mwenyewe, na mimi nikawasimulia wenzangu wa meza za uandishi habari za mwanamke asiyejua adabu. Tulicheka siku nzima. Sijui kama alirudishiwa maharagwe yake. Sikuuliza, na kutokuuliza kwenyewe kunaniaibisha kuliko kicheko.

Ningepaswa kujifunza kwake. Sikujifunza. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana kasoro hii: vile alivyovipata kwa taabu huviona vitakatifu. Mimi nilijifunza kuandika kwa kunakili barua zilizotupwa za mabwana, nikichukua kila neno la kuinama kama dhahabu, nisijue kwamba wale waliokuwa wakiyaandika walikuwa wakiandikiana wao kwa wao, wakubwa kwa wakubwa, kwa mchezo. Mimi peke yangu ndiye niliyeinama kweli.

Kisha ikaja barua ya jury. Unaikumbuka ilivyokuwa laini. Kwa hisani maalum, ilisema, jury iko tayari kukupa brevet, yaani cheti, ya usaidizi wa meno: kusafisha meno, kuondoa ukoga, kuchemsha vyombo vya daktari. Hakuna mtihani. Sharti moja tu, nalo ni kwamba utie sahihi kuwa hutajitokeza tena milele kwa mtihani wa udaktari, na baba yako atie yake chini ya yako.

Niseme wazi, ili kesho usije ukalitumia neno langu vibaya: kazi ya kusafisha meno ni kazi ya heshima. Anayeifanya vizuri anazuia maumivu ambayo daktari angekuja kuyafukuza kwa koleo. Kama ungeitaka, ningetembea nawe kifua mbele. Lakini hukuitaka, na wao hawakukupa kazi. Walikupa kitulizo cha kukunyamazisha.

Na mimi niliposoma neno "hisani" nililegea. Nilifikiri juu ya hospitali, ambayo imekwisha kukuambia kwamba haiwezi kukuweka kwa muda mrefu bila karatasi yoyote. Nilifikiri kwamba nusu ya mkate iliyo mkononi inashibisha. Nikaketi hapa hapa, nikaandika jibu la kukubali. Ulinikuta kwenye mstari wa tatu.

"Papa, unaandika nini? 'Kwa machozi ya shukrani'? Hayo machozi ni ya nani?"

"Ya familia," nilisema.

"Familia iko nalia?" Ukageukia jikoni. "Maman, uko nalia?"

"Mie niko napika," akajibu mama yako.

Nilikasirika. Nilikuambia maneno ambayo baba huyasema anapokosa hoja: kwamba u mkaidi, kwamba dunia haikuzaliwa nawe, kwamba nani atakuoa ukiwa na koleo mkononi. Uliniacha niseme hadi nikaishiwa. Kisha ukasema kwamba hutatia sahihi, na kwamba kama nataka kutia yangu peke yake, niitie. Karatasi itaenda Kinshasa na jina la mzee mmoja anayeacha udaktari ambao hakuwahi kuuomba. Tukawa hatusemezani. Barua ya jury ikakaa chini ya redio.

Jino ndilo lililotupatanisha, nalo halikuwa na adabu hata kidogo. Shavu lilivimba hata jicho likawa dogo. Nilijaribu siku kadhaa kuendelea kuwaandikia watu, nikiwa nimefunga taya kwa shali ya mama yako, na wateja wakiniuliza kama nimepigwa na mamlaka tukufu. Mwishowe nilikuja hospitalini, kwenye mstari, nyuma ya wanawake wa kijijini, na daktari wa hospitali akakubali kusimama kando yako ili sheria isipate la kusema.

Hukuchukua koleo mara moja. Ulichukua kioo, ukaligonga jino kama alivyoligonga yule mtu wa miwani, ukaniuliza: "Inauma?"

Nikatazama dari.

"Papa, niko nakuuliza. Inauma?"

"Inauma!" nilipiga kelele.

"Wapi?"

"Huku! Na sikio, na kichwa, na toka siku ya Muhumba ilikuwa nauma!"

Mstari wote wa nje ulisikia. Mwanamke mmoja akaita kutoka mlangoni, "Asante Mungu, muzee amekubali!" na wengine wakapiga vigelegele kana kwamba mtoto amezaliwa. Nami, mwanangu, niliyeogopa aibu maisha yangu yote, niliona kwamba aibu imekuja, imeketi karibu nami, na haina uzito wowote. Lililokuwa zito ni lile "sihisi maumivu".

Ukanipiga sindano ya ganzi, ukasubiri, kisha ukaanza. Nilikuwa nimejitayarisha kuvutwa kama ng'ombe. Hukuvuta. Mkono wako mwembamba ulizungusha, ukarudi, ukazungusha, bila haraka, kama mtu anayetoa muhogo ardhini asitake ukatike. Gego likatoka lote na mizizi yake, na kwenye ncha ya mzizi mmoja kulikuwa na kifuko cha usaha, pale pale uliposema pangekuwa. Daktari wa hospitali alilitazama, akakutazama, akasema tu, "Ni vile vile." Nilitamani rais wa jury angekuwapo. Sasa sitamani tena, atakuona kwao.

Unajua jinsi mjomba wako Bisimwa alivyolishika jino hilo nyumbani, akiligeuza kwenye mwanga. "Shemeji, hii ndiyo jino ilidanganya badocta ba Kinshasa?" Nikamjibu kwamba jino lilisema kweli tangu mwanzo, mwongo alikuwa jirani yake, ulimi. Mama yako alicheka mpaka akaketi chini. Usiku huo nilikula kwa upande wa kulia, na nikalala.

Asubuhi niliitoa barua ya jury chini ya redio. Nilichokifanya hukukiona, kwa kuwa ulikuwa kazini, na jibu lilipokuja ulidhani ni wao waliobadili mawazo. Mimi ndiye niliyewaandikia. Niliandika hivi: "Citoyen Président, binti yangu hatatia sahihi, na mimi sitatia. Jino lilikuwa gonjwa; niliwaambia uongo kwa sababu ya heshima, na kosa ni langu. Binti yangu anadai kufanya mtihani tena." Hapo nikakomesha. Mkono uliniwasha kuongeza kitu, angalau "kwa unyenyekevu" moja, mwishoni, mahali ambapo haingeonekana sana. Niliinuka nikatembea uani. Niliporudi niliifunga kama ilivyokuwa, uchi.

Walijibu kwa mistari miwili: mtahiniwa afike Kinshasa, aje na mgonjwa wake. Hawakukasirika. Hilo ndilo lililonivunja moyo kidogo, nakiri. Miaka yote ile nilipiga magoti kwa niaba ya wilaya nzima, na kumbe waliosoma walikuwa wakiruka mistari ya magoti ili wafike kwenye jambo lenyewe.

Basi kesho unakwenda, ikiwa ndege itakubali kuja. Sitakudanganya juu ya kilichopo mezani. Brevet imekwisha kupotea. Tumeikataa sote wawili. Hospitali itakungojea mpaka majibu ya mtihani huu, haitangoja zaidi. Ukianguka, hutakuwa na karatasi yoyote, na kuna watu katika mtaa wetu watakaosema kwamba kiburi cha baba na mtoto kimekula chakula chao. Waache waseme. Nimewaandikia wengi wao barua. Najua jinsi wanavyoandika wakiwa na shida.

Huko Kinshasa utahitaji mgonjwa, na humjui mtu ila binamu ya mama yako. Nina neno moja hapa, nalo nimelilipia kwa taya langu. Usichague mtu mwenye heshima. Usichague karani, wala mwalimu, wala katekista, wala mtu yeyote aliyevaa abacost ya sikukuu. Nenda sokoni, utafute mama anayeuza samaki, mwenye sauti, asiyemwogopa askari wala padri, na ambaye jino limemnyima usingizi. Mtu wa namna hiyo ukimgonga jino atamtukana rais wa jury na mama yake, na hapo mtihani wako umekwisha kuanza vizuri.

Wakikushika mkono tena ili wacheke, usiutoe kwa hasira. Uache hapo mpaka wao wenyewe waone kwamba wameushika kwa muda mrefu mno. Kisha uombe koleo. Usiseme "naomba kwa heshima". Sema "koleo".

Na wewe, siku utakapokuwa umesimama upande ule wa kiti, usisahau kwamba kila siku watakuja wazee kama mimi, waliofunzwa kujibu "njema". Usiwaamini. Uwaulize mara ya pili, kwa sauti ya mtoto wao kama unaweza, na uwangoje. Kinywa cha mtu wetu hufunguka mapema kuliko ukweli wake.

Mama yako ananiita nije nifunge kamba ya sanduku, kwa hiyo nafika mwisho bila kufika mwisho. Ukipita, tutasikia, mjomba Bisimwa ameapa kutangaza mtaa kwa mtaa, kutoka Nguba hadi Kadutu. Ukianguka, usikae huko ukitafuta maneno ya kutuandikia. Rudi nyumbani, panda kilima na uingie kwa mlango wa mbele mchana watu wakiona, kisha tutadai mtihani wa tatu. Mgonjwa hutamkosa. Mimi bado nina meno mengine, na mawili yameanza kuuma sana.

Papa yako,
Mushagalusa